Sikuiona Bangili

Asila aliniambia kwenye simu, wiki tatu kabla:
"Sitaki kuambiwa cheka. Sitaki tembea tena,
polepole, geuza shingo, tazama dirishani.
Dirishani kwetu kuna ukuta na tangi la maji.
Njoo tu, uwe kama jirani aliyewahi."

Nikawahi. Ibra, saa moja asubuhi,
kitasa cha gari tayari hakishikiki.
Jikoni shangazi watatu wanagombania zafarani
kwa Kiarabu, na wakifika kwenye matusi
wanahamia Kiswahili, mabinti wasielewe.
Mabinti wanaelewa.
Nilipiga nyuso zao zikijitia hazielewi.

Mlangoni wamemweka Rudhaina, miaka tisa,
na kazi yake: kila simu inayoingia
aibandike stika nyekundu juu ya jicho.
Aliitazama kamera yangu, kubwa kuliko kichwa chake,
akahesabu stika zilizobaki,
akanibandika mimi moja kwenye paji la uso.

Wasiotaka kupigwa nimewaandika kiganjani:
abaya ya kijani, mke wa mjomba, mwalimu wa hesabu.
Ndiyo maana filamu hii ina mikono mingi.
Vidole vinavyotafuta pini. Hina isiyokauka,
imenyanyuliwa juu kama mtu aliyeshikiwa bunduki.
Kikombe cha kahawa kikitikiswa: basi, nimetosheka.
Mkono huwezi kuuambia utabasamu.

Sasa nifike pale ninapopaepuka.

Saa tisa na robo, chumba cha nyuma,
kiyoyozi kinakohoa.
Bi Ghaniya akafunga mlango, akavua bangili
ambayo, wanasema, haikuvuka kifundo cha mkono
tangu aliposhuka ndegeni Maskati, kigoli,
na sanduku moja la bati.
Wanasema. Mimi sikuona.
Nilikuwa nimeinama pembeni natafuta betri
mfuko wa kulia, na betri iko wa kushoto.

Nilipoinuka, bangili ilikuwa kwa binti,
na mkono wa mama ulikuwa na mstari mweupe,
ngozi ambayo jua la nchi hii halijaijua.
Akaniona. Mwanamke aliyepikia watu mia tatu
anaujua uso wa aliyesahau chumvi.
"Nirudie?" akauliza. "Niivae, niivue tena, mwanangu?"

Na ingevuka. Sabuni ilikuwa bado mbichi.
Mwanga ulikuwa umeingia kwa ubavu,
ule mwanga ambao watu hukodi taa kuutafuta.
Nani angejua?
Nimefanya kazi kwenye kumbi za Mawaleh
ambako mama hulia kwa kuhesabiwa: moja, mbili, haya.

"Hapana, Bi," nikasema. "Ishapita."
Nilisema kwa ushujaa.
Kisha nikajuta mpaka magharibi.

Siku nne baadaye, Mabela, ninakata na kuunga,
ndipo nikakumbuka kinasa sauti
nilichokisahau chini ya sinia la halua.
Kilikuwa macho muda wote.
Maji. Sabuni. Pumzi imevutwa, imebanwa.
Dhahabu ikagonga ukingo wa beseni, mara moja.
Halafu Bi Ghaniya, chini ya kikohozi cha kiyoyozi,
Kiswahili kitupu, kile cha jikoni:
"Shika. Siku ukikwama, uza.
Usimwambie mtu. Hata mimi usiniambie."
Na Asila akacheka, kicheko kikakatikia puani,
kikarudi kikiwa kitu kingine.

Filamu niliyoipeleka ina dakika hamsini na mbili.
Pale chumbani kuna mlango uliofungwa, kisha kuna mkono
wenye mstari mweupe unaopanga vikombe.
Shangazi waliniuliza mbona nimekaa sana
kwenye vikombe. Nikasema nimevipenda.

Sauti nimempa Asila, peke yake, kwenye flashi ndogo,
nimeifunika kwa stika nyekundu.
Stika nilikuwa nayo.
Niliiona kwenye kioo cha gari, usiku ule wa harusi,
nikiwa nimeshatia mafuta Bidbid, nimelipa,
nimemshukuru muuzaji, ambaye hakusema neno.