Kibao Kisichoitika

Mimi ni fundi mizani. Miaka thelathini
pale kiwandani, ng'ambo ya stesheni ya Moshi,
nimepima kahawa ya watu gunia kwa gunia
na hakuna aliyenikamata hata kwa gramu.
Bi. Aikaeli Mamuya alinijia na mwavuli uliovunjika:
"Nasikia wewe ni mtu wa mizani.
Njoo basi, yangu imepotea."

Nyumba yake Kiborloni, nyuma ya duka la mbolea.
Piano imekula nusu ya sebule.
Ukutani picha: yeye, gauni jeusi, Leipzig,
ukumbi mzima umesimama unampigia makofi.
Nikauliza, walisimama kwa nini?
"Nje kulikuwa na mvua," akasema,
"hawakutaka kutoka."

Nikafungua kifuniko. Panya alikuwa amezaa
katikati ya nyundo, kwenye sufi laini ya kigeni.
Nyundo themanini na nane; nilizihesabu mara mbili
kama mtu anayepokea mzigo.
Waya nikaomba kwa fundi baiskeli wa Majengo,
ngozi ni ya mbuzi wa Krismasi,
gundi ile ile ya viti vya shule.
Zikaitika zote, moja ikagoma:
fa ya katikati, mbele kabisa ya kifua chake.
Ukiibonyeza inazama. Haisemi.

Nitaagiza Nairobi, nikamwambia.
"Iache."

Siku nyingine, bila kuulizwa, akiwa anamenya ndizi:
Kidia, kinanda cha kanisa, cha kukanyaga,
yeye ana miaka sita, miguu inaning'inia,
kaka yake Ndeakyo amechuchumaa chini
anasukuma pedali kwa mikono.
Alikuwa anasinzia, Ndeakyo.
Pumzi ikikatika, sauti ikafa,
"mimi naendelea kwa mdomo
mpaka azinduke."
Akatupa maganda kwenye ndoo.
"Kuna siku hakuzinduka."

Basi wanafunzi wake wakajifunza hivyo:
mtoto wa muuza mitumba wa Memorial,
mapacha wa kinyozi, Nsia wa mama mchambua kahawa,
vidole vinakimbia kwenye nyimbo za marehemu wa Ulaya,
wakifika kwenye fa, midomo wazi: faa!
Asiyeimba alirudia kutoka mwanzo.
Majirani walidhani ni dhehebu jipya
la watu wenye kwikwi.

Alikufa masika. Tulimzika kihambani, tope hadi magotini.
Ndugu wakagawana: shamba, ng'ombe wawili,
cherehani (iligombewa),
piano ikabaki chini ya turubai
kama mgeni asiyejulikana amekuja na nani.

Arobaini yake, Nsia akatua kutoka huko anakopigia sasa,
kumbi kubwa, jina lake kwenye mabango.
Kanisani kuna kinanda kipya cha umeme,
kibao hata kimoja hakikosekani.
Akapiga. Kipande kirefu, kigumu, mikono inapishana
kama wanawake sokoni siku ya Jumamosi.
Akafika kwenye fa,
kibao kikaitika vizuri tu,
na yeye akafumbua mdomo.

Nyuma yake, bila kuambizana,
mapacha wa kinyozi, wameota vipara,
askari wa trafiki na kofia mapajani,
mama muuza nyanya, daktari wa mifugo:
faa.

Fa mbili mahali pa moja.
Nilisikia imezidi. Sikio langu halidanganyiki,
mkono ukaenda mfukoni wenyewe kutafuta bisibisi.
Nikauacha humo humo.