Ile Ninayoweza Kuiinua

Evaristo Huenchul alizipanga tatu mbele ya banda lake
pale Gastre, upepo ukigonga mabati kama mtu anayedai deni.
"Chagua," akasema, akarudi kwenye birika lake la mate.

Mimi ni fundi wa vinu vya upepo. Miaka thelathini na mmoja
napanda minara ya chuma, nabadilisha ngozi za pampu
ili kondoo wa watu wanywe.
Gari niliuza mwaka ule majivu ya volkano yalipofunika malisho
na hakuna aliyekuwa na senti ya kumlipa fundi.
Sasa nataka pikipiki moja.
Si mbili, si hii ya kazi na ile ya Jumapili.
Moja, inibebe na spana zangu hadi visimani,
na Desemba inifikishe kwa dada yangu Ofelia, kaskazini,
siku tatu, nusu yake kokoto.

Ya kwanza kubwa, ina kioo cha kukinga upepo
na skrini inayojua nilipo kuliko ninavyojua mwenyewe.
Hiyo ndiyo aliyoitaka binti yangu Mirta:
"Baba, hii ina kila kitu."
Kweli. Na kila kitu kina uzito.

Nikamwomba Evaristo jambo la aibu:
tuilaze chini, hapa hapa uani.
Akanitazama kana kwamba nimeomba kumwangusha mama yake.
Tukailaza. Nikashika usukani, nikachuchumaa,
nikavuta hadi nikaona nyota mchana.
Haikutikisika hata kwa adabu.
Akaja yeye, akaja mwanawe Nahuel, ndipo ikasimama.
Kule njiani, huyo wa pili na wa tatu ningewatoa wapi?
Guanako hawajui kushika.

Ya pili nyembamba, ya mashindano, kiti kama mgongo wa panga.
Inaruka mitaro, wanasema,
na oili mpya inaidai kila ukigeuka.
Nikaikalia dakika tano.
Nikamkumbuka Ofelia na siku zake tatu. Nikashuka.

Ya tatu ilikuwa ya nesi wa chanjo, marehemu Zulema Antipán.
Silinda moja, inapozwa na hewa,
na hewa ndicho kitu pekee huku tusichonunua.
Tangi limebonyea kushoto. Taa yake ya njano, kama chai hafifu.
Lakini kabureta naweza kuifungua gizani,
na waya wa akiba wa klachi ulikuwa tayari umefungwa
sambamba na ule unaofanya kazi.
Nilipouona huo waya nikanyamaza.
Zulema aliwahi kukwama. Mara moja ilimtosha.

Nikailaza, nikaiinua.
Nikarudia, kuhakikisha.
Mara ya tatu, kwa raha tu.

"Haina mbio," akasema Evaristo.
"Ninakokwenda hakuhami."

Mirta alininunia hadi Jumapili.

Jumatatu, njia ya Gan Gan, kokoto zimerundikana katikati
kama tuta la viazi. Najua kanuni: mikono ilegee,
macho mbali, kaba kidogo, iache icheze chini yako.
Nilikaza mikono.
Upepo wa magharibi ukanipiga ubavuni,
tairi la mbele likafuata mawazo yake,
tukalala chini, mimi na yeye,
polepole, kama wazee wanavyokaa kitako.

Chupa ya chai ikabingirika, ikaenda zake.
Hakuna gari. Hakuna mtu. Mbingu tu, nyingi mno.
Nikainuka. Nikaiinua.

Kipini cha breki kilikuwa kimejipinda,
na nilipofunua kiti kutafuta spana namba kumi
nikakuta peremende tatu za limau ndani ya kitambaa,
zile za kuwanyamazishia watoto baada ya sindano.
Nikala moja. Ngumu kama njia yenyewe.
Nikanyoosha kipini huku naimung'unya, sina haraka.

Kisha kiki.
Ya kwanza, ya pili.
Ya tatu ikakohoa, ikakubali.