Nimesahihisha Barua Yako

Bwana Thibodeau,
barua uliyobandika mlangoni Jumanne
nimeisoma mara tatu, ya nne kwa kalamu nyekundu.
Uniwie radhi. Miaka ishirini na sita nilifundisha sarufi
kule Wundanyi, kabla ya kuja Lewiston kupiga deki hospitalini,
na mkono haujui kustaafu.

"Malalamiko yamepokelewa mara kadhaa."
Yamepokelewa kutoka kwa nani?
Hapa chini yupo Bi. Pelletier peke yake:
sikio la kushoto lilikufa zamani,
la kulia hulivua saa mbili usiku
akaliweka kwenye kikombe.
Na kadhaa ni ngapi? Mbili? Tisa?
Kadhaa si idadi, bwana,
ni uvivu wa kuhesabu.

"Mwenendo usiofaa." Nimepiga mstari.
Upi?
Dagaa niliokaanga madirisha yamefungwa, nje theluji?
Viatu vya Mghoi ngazini, alfajiri, akitoka zamu?
Au ni ile barua yangu ya Februari,
kwamba hita imezimika na maji yanaganda bafuni,
yenye siku, saa, na picha mbili?

Kwetu kitenzi hakitoki nyumbani peke yake.
Walilalamika:
wa anatangulia, li anafuata,
tumeshajua ni watu, tumeshajua ni jana,
ndipo lalamiko lenyewe lipite.
Lako limekuja uchi, halina kwao.
Nilijibuje?
Nikikana, nakana ukungu.

Ngoja nikuonyeshe inavyoandikwa.
Tarehe kumi na moja Januari, saa tano na robo usiku,
niliangusha sufuria ya maharagwe ngazi ya saba.
Ilibingirika hadi mlango wa Bi. Pelletier.
Alihisi mtetemo, akafungua,
akaniletea ndoo.
Umeona? Hata ukinishtaki kwa hilo
nitajua pa kusimama.

Siku thelathini umezihesabu vizuri.
Alama mbili kwa kumi:
moja ya tarehe, moja ya jina langu,
ingawa umelikosea herufi.
Andika upya. La hutaki,
nitaipeleka mahakamani hivi hivi, na wino wake.

Nimemsomea Mghoi, nikitaraji acheke.
Amepanda kiti,
anashusha mapazia.