Kinywa Wazi

Daktari Berríos ananiuliza
vidole vyake viwili vikiwa ndani ya shavu langu,
kioo kidogo kikigonga gego:
"Hivi wewe, wakili, unawezaje
kumtetea mtu unayejua kabisa kwamba kafanya?"
Nasema, "Aaa."
Anasema, "Panua zaidi."
Dirishani, Valparaíso imening'inia vilimani,
mabati ya rangi, nguo za watu kambani,
na lifti ya mlimani inapanda kwa kukohoa.

Hilo ni swali la watu waliolala kwao jana.

Wateja wangu huuliza mbwa atalishwa na nani.
Huuliza kama hakimu ni mwanamke,
na kama hiyo ni heri au shari.
Eduvigis, aliyekutwa na kifurushi kisicho chake
chini ya sambusa zake za kuoka,
aliuliza, "Nivae miwani, au afadhali nisiwaone?"
Fundi bomba mmoja wa Playa Ancha
alitaka kujua miaka mitatu ni Krismasi ngapi.
Akahesabu kwa vidole, akarudia,
huenda kimoja kikapungua.
Wengi huanza na bei, macho chini,
kama mgeni aulizaye choo kiko wapi.
Na karibu wote: "Nikisema ukweli, utanisaidia?"
Hapo huwa naitazama kalamu yangu.
Ukweli ni dawa, sawa,
ila sijawahi kuambiwa ni kijiko gani,
cha chai au cha mezani.

Agosti. Saa nane na nusu usiku, mvua, simu.
"Wakili, ni Berríos. Wa meno.
Lautaro wamemchukua.
Aseme? Asiseme?
Humo ndani kuna baridi? Wanawapa blanketi?
Akiniita, nitamsikia nikisimama mlangoni?
Na kama kweli…"
Akanyamaza.
Nililisubiri lile swali lake la zamani.
Nilikuwa na haki ya kulisubiri.
Halikuja, nami sikuliita.
Nikavaa soksi mbili mbili, nikashuka ngazi,
mia moja na arobaini na kitu, zote zinateleza.

Kijana alikuwa kwenye benchi la saruji,
viatu vimevuliwa kamba, ndimi nje,
mdomo umevimba, jino la mbele limebaki nusu.
Nikamwambia ninayowaambia wote:
jina lako wape wao, mengine nipe mimi.
Akaniuliza, kwa kithembe alichokipata usiku uleule,
"Baba kashajua kuhusu jino?"

Kuhusu yule mwingine,
aliyelazwa hospitali, taya limefungwa waya,
hakuuliza.
Niliandika tarehe juu ya ukurasa.
Nikaandika saa.
Sikumuuliza na mimi.

Asubuhi, mahakamani, radi za joto zimeharibika,
kila mtu na koti lake.
Daktari kakaa safu ya nyuma,
mikono mapajani, haina glavu, haina kazi.
Mwendesha mashtaka kasoma karatasi yake polepole,
hakuruka mfupa hata mmoja.
Kisha hakimu: mshtakiwa ana lolote la kusema?

Lautaro akafungua kinywa.

Nikamwona baba yake akiinuka nusu kitini,
shingo mbele, macho yamekazwa,
si kwa kusikiliza.
Alikuwa anapima ufa.

Nikaugusa mkono wa kijana.
Akafunga.