Rangi ya Chini

Watu humuuliza Tsiala furaha yake huitoa wapi.
"Dukani kwa Murmani," hujibu, "tyubu moja lari kumi na nne,"
kisha hurudi kukwangua.

Mimi ni seremala wake wa fremu, mwaka wa kumi na moja sasa,
kwa hiyo nisikilizeni mimi.

Chiatura ni mji wa manganizi.
Vumbi jeusi hukaa dirishani, hukaa juu ya mkate,
kwenye mikunjo ya shingo za wanaume watokao shimoni.
Ukifua shati jeupe, utaanua la kijivu.
Na humo humo, yeye anapaka njano.

Haanzi na njano, lakini.
Turubai likifika, jeupe kama kiapo cha mlevi,
hulipaka kwanza kahawia nyembamba ya tapentaini,
na vumbi la dirishani —
ndiyo, nimemwona akilikusanya kwa kadi kuukuu ya kliniki,
akalisaga na mafuta ya kitani.
"Mwanga usio na pa kukanyaga," asema, "huteleza."

Kisha husubiri. Mafuta hayaambiwi haraka.
Tabaka la chini likonde, la juu linone;
ukigeuza, picha hupasuka
kama midomo ya Januari.

Akisubiri, hutembea. Hurudi na vitu mfukoni mwa macho:
gari la kamba likining'inia juu ya mto Kvirila,
ndani mwanamke na keki magotini,
ameishika kwa mikono miwili, hapumui.
Karolioki uani kwa Natela: majani yamekwisha yote,
matunda yamegoma kudondoka,
taa hamsini zisizo na waya.

Mwaka juzi hospitali ilimwomba picha
ya chumba cha kusafishia damu. Akawapelekea alizeti,
shamba zima, anga bila doa.
Mzee Avtandili, mkono umefungwa kwenye mashine,
akaitazama, akatazama dari.
"Binti, hiyo si furaha. Hiyo ni kalenda."

Hakununa. Aliibeba mgongoni hadi nyumbani
akaikwangua usiku kucha; nilisikia kisu kupitia ukuta.
Halafu Jumanne tatu alikwenda kukaa nao tu,
bila penseli.
Akajifunza kwamba maji yao ni ya kupimiwa,
kwamba hubishana juu ya mpira kwa kunong'ona,
kwamba karolioki wamekatazwa,
nusu tunda tu laweza kuusimamisha moyo,
na kwamba wakiwa wamechoka sana
hilo ndilo wanalolizungumza.

Basi akawachorea tunda.
Moja, limekatwa, kwenye sahani yenye ufa.
Rangi ya chungwa akaiweka kwa kisu, nene, inang'aa tope la utamu,
na pembeni, zambarau kidogo mno,
ili chungwa lijue kwamba liko hai.

Niliogopa. Nilidhani watalia, au watatutimua.
Avtandili alikaa kimya muda mrefu.
Kisha akalamba midomo.
"Limeiva," akasema. "Wiki moja zaidi lingeharibika."

Tsiala alinikataza kuitundika juu, mahali pa picha.
Nilipima kwa futi, nimepiga magoti:
usawa wa macho ya mtu aliyelala.

Madaktari wakitaka kuiona,
huinama.