Ndugu wa Tumbo Moja

Mikono ya Leelo imo ndani ya glavu za kisanduku
ambamo oksijeni haikaribishwi hata tone.
Hewa anayovuta yeye ingewaua walio humo
kabla hajamaliza kupiga chafya.
Nje, Tartu yote nyeupe. Emajõgi umeganda,
mto ambao jina lake maana yake ni mto mama,
na wavulana wanamkanyaga mgongoni wakicheka.

Kichupa namba arobaini na moja.
Jina halipo, sheria imekataza.
Lakini ile saba kwenye tarehe
imefungwa mkanda kiunoni,
na ni mmoja tu aandikaye hivyo tangu darasa la kwanza:
Kaupo.
Mama aliondoka Machi. Kaupo hajalala vizuri tangu hapo.
Kwetu tungesema ana tumbo joto.
Leelo hana neno hilo. Ana jedwali.

Mimi huosha vioo vyake, nami huuliza maswali.
Wanafanya nini humo, hawa wasio na kichwa,
wasio na hata ubongo wa kuhuzunikia?
Wanapika gaba, anasema.
Wanaichukua glutamati, wanang'oa kipovu kimoja cha hewa,
na kilichokuwa cha kuamsha
kinakuwa cha kutuliza.
Huruma haimo. Wanajikinga na uchachu wao wenyewe,
kama jirani awashaye taa ya nje kwa kuogopa wezi,
nasi tukaiona njia.

Wengine huuchokoza ukuta wa utumbo
hadi ukuta utoe serotonini,
sehemu tisa kwa kumi ya yote mwilini.
Nikadhani inapanda moja kwa moja kichwani.
Haipandi, akasema, huko juu kuna mlango na umefungwa.
Kinachopanda ni mtikisiko, kwenye neva ndefu:
mtu wa chini anagonga bomba la maji,
wa ghorofa ya tano anasikia,
asijue ni salamu
au ni lawama.

Anahesabu madoa kwenye sahani.
Machache.
Kwenye sahani namba arobaini, ambayo ni yake mwenyewe,
wale wale wamejaa tele.
Walipewa wote wawili, mlango mmoja, mama mmoja,
urithi uliotangulia majina.
Amekaa kimya muda mrefu mno kwa mtu anayehesabu.

Jioni aliteremka ghala la chini la nyumba ya mama,
akainua jiwe juu ya pipa,
akajaza bakuli kabichi iliyochacha tangu vuli ya mwaka juzi.
"Ni dawa?" nikamuuliza.
"Ni kabichi."

Kaupo alikula amesimama, koti mwilini.
Usiku ule pia hakulala.
Ila alisonya, akasema chumvi imezidi,
kama kawaida ya mama, mkono wake mzito,
na mbegu za kisibiti akazisahau tena.
Hakuwa amesema maneno mengi hivyo tangu Machi.

Leelo hakuyaandika.
Jedwali halina safu yake.