Sina Deni

Jumatatu hadi Jumamosi mimi ni fundi cherehani,
nashona sare za skuli, nakaza vifungo,
napima viuno vya watu na pini mdomoni.
Jumapili navaa makatambuga ya tairi,
nampigia Vuai mbinja moja tu,
na mbwa wake, Sina Deni, hunijibu kabla yake.

Twaenda kwa Bi Mize, upande wa maweni,
nyuma ya Mtende, ambako udongo ni wa kuombwa:
kiganja hapa, kiganja pale, baina ya jiwe na jiwe,
na katika kila kiganja amechomeka pingili ya muhogo
kama mtu atiaye uzi kwenye tundu ya sindano.
Usiku mmoja nguruwe wamepita.
Si kula tu. Wangekula tu, asingelia.
Wameng'oa, wametafuna nusu, wametema,
wamegaragara juu ya viazi vikuu,
wameliacha konde kama kitanda cha mgonjwa.

"Haya, wanaume," akasema. Hakusema zaidi.
Akatupa chai ya mchaichai na boga la nazi,
akatuhesabu kwa macho: watu kumi na mmoja, mbwa tisa,
gobore moja la Jecha, lenye kibali na kutu.

Sasa niseme kweli, maana karatasi haina haya:
usiku wa Jumamosi silali.
Nageuka kama mtoto anayengoja nguo ya sikukuu.
Mke wangu huuliza, "Una homa?"
"Namfikiria Bi Mize na muhogo wake."
Astaghfirullah.
Nafikiria kelele za mbwa zinapobadilika,
ile "wapi, wapi" ikawa "hapa!",
miba ikichana shati, mpini wa mkuki ukilowa kiganjani,
Jecha akishindilia baruti huku akitukana taratibu;
kisha mshindo, moshi,
na kimya ambacho cherehani haijanipa hata siku moja.

Hatuli. Kila mtu anajua hatuli.
Tunakata mkia, tunaufunga kwenye kijiti,
mzoga tunawaachia siafu.
Tunajiosha mara saba, moja kwa mchanga,
na njia nzima tunacheka, kila mtu na nguruwe wake,
na nguruwe wa kila mtu
anazidi kunenepa tukikaribia mji.

Siku moja Bi Mize alituuliza, akifagia mlangoni:
"Hivi mnakuja kuua au kucheza?"
"Vyote, bibi," Vuai akasema.
Akaendelea kufagia.

Basi mwaka huu, baada ya vuli,
Jumapili tatu mfululizo hatukupata kitu.
Mbwa walinusa mawe, wakarudi, wakalala.
Muhogo ukapanda hadi kiunoni, ukatia kivuli.
Bi Mize akatuchemshia, mweupe, wa kupasuka,
na tui zito juu yake.
"Kuleni, wanangu. Kazi mmeimaliza."
Tulikula kama watu waliofiwa.
Jecha alilifuta gobore ambalo halikufyatuka,
akalifuta tena.

Jumapili ya nne nilitangulia, mimi na Sina Deni tu.
Kwenye pango dogo, nyuma ya miba,
jike limelala ubavu,
na wana sita wenye mistari mgongoni
wakinyonya kwa kusukumana.
Mbwa akanitazama. Nikamtazama mbwa.
Nikamshika mdomo, nikarudi kinyumenyume
kama mtu aliyeingia chumba si chake.

Ungependa niseme ni huruma.
Nilikuwa nahesabu miezi.
Sita, na mama yao saba.
Masika ikiisha watakuwa na mbio.

Njiani nilimkuta anapalilia.
"Vipi, fundi? Umeona kitu?"
Nikatikisa kichwa, midomo nimeibana
kama nina pini.
Sina Deni akajilaza, ulimi nje,
kwenye kivuli cha muhogo wake.